Punje ya haradali ndani ya jabali: Picha ya jiwe na amana ya jicho

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake, Masahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wao hadi Siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika Surat Luqman, aya ya 16, Mwenyezi Mungu ametusimulia wasia wa baba kwa mwanawe. Baba huyo, Luqman aliyepewa hekima, alimfahamisha mwanawe kwamba jambo likiwa na uzito mdogo kama wa punje ya haradali, likafichwa ndani ya jabali, au mbinguni, au ardhini, Mwenyezi Mungu atalileta, kwani Yeye ni Mjuzi wa yaliyo madogo na yaliyofichika. Wanavyuoni wa tafsiri wameeleza kuwa makusudio ya wasia huo ni matendo ya mja. Jema dogo halipotei, na ovu dogo halisahauliki.

Hata hivyo, tuutazame mfano wenyewe alioutumia mzee huyo. Hakumtajia mwanawe habari za hazina wala majeshi, bali alimtajia jiwe na kitu kidogo kilichomo ndani yake. Mtoto wa zama zile aliufahamu mfano huo kwa kuwaza tu. Mtoto wa leo anaweza kuufahamu kwa kuwaza na kwa kutazama pia, kwa sababu kipo chombo kinachoweza kumwonyesha kilichomo ndani ya jiwe kwa kiasi cha punje ya haradali na chini ya hapo. Chombo hicho ni hadubini ya kidijitali. Leo tunapenda kuzungumza na familia zetu juu ya kukitumia kupiga picha za mawe na madini, na juu ya amana inayomwangukia kila anayepiga picha hizo.

Kutazama kumeamrishwa

Wapo wazazi watakaouliza: ibada imehusiana vipi na mawe? Jibu limo ndani ya Qur'ani Tukufu. Katika Surat Al-Ghashiya, baada ya kutajwa ngamia na mbingu, tunaulizwa kama hatuitazami milima jinsi ilivyosimamishwa. Katika Surat Fatir, aya ya 27, tunaelezwa kuwa milimani mna mistari myeupe na myekundu yenye rangi mbalimbali, na mingine myeusi sana. Aya inayofuata inatuambia kwamba wanaomcha Mwenyezi Mungu kikweli katika waja wake ni wale wenye elimu. Rangi za mawe na elimu ya wamchao Mungu zimetajwa mahali pamoja, na jambo hilo linatosha kumfanya Muislamu asilipite jiwe kama kitu kisicho na maana.

Wazee wetu katika dini walilielewa hilo. Abu Rayhan Al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, aliandika kitabu kizima juu ya vito na madini, na alipima uzito wa vito kwa kuulinganisha na uzito wa maji yanayohamishwa na kito kilichozamishwa. Ibn Al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika juu ya mwanga na kuona katika kitabu chake kiitwacho Kitab al-Manazir, na akasisitiza kuwa madai juu ya mwanga yathibitishwe kwa majaribio. Karne nyingi baadaye, katikati ya karne ya 19, Mwingereza Henry Clifton Sorby wa Sheffield alikata mawe vipande vyembamba mno hata mwanga ukapenya, akavitazama kwa hadubini. Baadhi ya wenzake walimcheka kwa kutaka kuichunguza milima kwa hadubini, lakini leo hapana mwanajiolojia anayemaliza masomo yake bila ya kujifunza njia hiyo.

Baadhi ya familia huingiwa na shaka juu ya picha. Ifahamike kwamba mjadala wa wanavyuoni kuhusu taswira unahusu viumbe wenye roho. Ibn Abbas (R.A), kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, alimwelekeza mtengenezaji taswira aliyemjia kwamba kama hana budi, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Jiwe ni katika hivyo.

Chombo chenyewe

Hadubini ya kidijitali ni kamera ndogo yenye lenzi ya kukuzia, ambayo kwa kawaida haizidi ukubwa wa tochi ya mkononi. Huunganishwa kwa waya na kompyuta, na baadhi ya aina huunganishwa na simu au huwa na kioo chake chenyewe. Mbele yake huzungushiwa taa ndogo nyeupe. Zipo za bei ya juu zinazotumiwa na vyuo na maabara, na zipo za bei nafuu ambazo familia chache au madrasa ikichangishana inaweza kuzimudu.

Jambo la kwanza la kumtanabahisha mnunuzi ni maandishi yaliyo juu ya boksi. Utakuta imeandikwa kuwa chombo kinakuza mara 1,000 au zaidi. Mara nyingi hesabu hiyo haitokani na uwezo wa lenzi bali na kupanuliwa kwa picha juu ya kioo. Tuchukue mfano. Ikiwa hadubini inaonyesha eneo la jiwe lenye upana wa milimita 8, na picha hiyo ikajaa kioo cha kompyuta chenye upana wa milimita 320, basi jiwe limekuzwa mara 40. Picha hiyo hiyo ikitupwa ukutani ikawa na upana wa mita 2, itasemwa imekuzwa mara 250. Lakini hapana hata chembe moja mpya iliyoonekana. Kwa mawe na madini, kukuza kati ya mara 20 na mara 100 kunatosha kwa kazi nyingi za nyumbani. Kinachohitajika zaidi ni kisimamio kizito kisichotikisika na mwanga mzuri.

Namna ya kupiga picha

Kwanza, jiwe lisafishwe. Lioshwe kwa maji na brashi laini kama mswaki wa zamani, kisha likauke. Mawe ya chumvi yasioshwe, kwani yatayeyuka. Vumbi ambalo jicho halilioni huonekana kama takataka kubwa mbele ya lenzi.

Pili, jiwe lipandwe juu ya kipande cha udongo laini wa kuchezea watoto, ili upande unaopigwa picha ulale sawasawa mbele ya lenzi. Hadubini huona wazi tabaka nyembamba tu, na kilicho juu au chini ya tabaka hiyo huwa na ukungu. Uso ukiwa umeinama, nusu ya picha itapotea. Ikiwa fuwele zimechomoza kwa urefu mbalimbali, zipigwe picha kadhaa, kila moja ikilengwa kina tofauti kidogo, kisha programu ya kompyuta ichukue sehemu zilizo wazi za kila picha na kuziunganisha kuwa moja.

Tatu, mwanga. Zile taa za mbele ya hadubini huacha madoa meupe juu ya nyuso zinazong'aa, na madoa hayo huficha rangi na nyufa. Dawa yake ni kuzipunguza au kuzizima, na kutumia taa ya mezani iliyowekwa ubavuni. Mbele ya taa hiyo iwekwe karatasi nyeupe nyembamba ili ukali wake utulie. Mwanga wa ubavuni huleta kivuli, na kivuli ndicho kinachoonyesha mabonde na vilima vya uso wa jiwe.

Nne, mkono usiguse hadubini wakati wa kupiga. Mtikisiko usioonekana kwa macho huharibu picha nzima. Tumia kitufe cha kompyuta, au muda wa kusubiri kabla ya kupiga.

Tano, na hili ndilo la lazima kwa mtu mkweli, piga picha ya rula kwa kipimo kile kile cha ukuzaji. Ikiwa milimita 8 za rula zimejaza picha yenye upana wa pikseli 1,600, basi kila milimita ni pikseli 200, na chembe yenye upana wa pikseli 50 ina robo ya milimita. Bila ya kipimo, chembe ndogo kuliko kichwa cha pini itaonekana kama kito cha kuwekwa kwenye pete.

Sita, piga kwanza picha ya karatasi nyeupe chini ya mwanga ule ule, na urekebishe kamera hadi karatasi iwe nyeupe kweli. Karatasi ikionekana ya manjano au ya bluu, na rangi ya jiwe nayo si ya kweli.

Mwisho, kila jiwe lipewe namba, na daftarini iandikwe lilikookotwa, tarehe, kipimo cha ukuzaji, aina ya taa na kama picha imerekebishwa. Uandishi huu una maana kubwa kwa sababu baadhi ya mawe hubadilika. Lava inayotoka Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, hutoka ikiwa nyeusi au ya kahawia, na ikiguswa na unyevu huanza kuwa nyeupe ndani ya muda mfupi. Picha iliyopigwa mapema na kuandikiwa tarehe huwa shahidi wa hali ambayo haipo tena.

Tunawakumbusha wazazi kuwa watoto wasiachiwe kupasua mawe bila ya miwani ya kukinga macho, wala kuvuta vumbi lake, kwani vumbi la mawe mengi hudhuru mapafu. Mawe na mchanga wa sehemu za kuchenjulia dhahabu usiletwe nyumbani kwa hofu ya zebaki. Wala jiwe lisichukuliwe katika hifadhi, katika jengo la kale au katika ardhi ya mtu bila ya ruhusa. Elimu iliyoanza kwa kuchukua kisicho chako haina baraka.

Yaliyomo ndani ya mawe yetu

Si lazima familia iwe na vito vya thamani ndipo ianze. Chukua kipande cha graniti kama kile kinachopasuliwa kwa kokoto Dodoma na Mwanza. Kwa macho ni jiwe lenye madoa. Chini ya hadubini yatatokea madini matatu yaliyoshikana: chembe za kijivu zinazong'aa kama kioo kilichovunjika, ambazo ni kwatsi, vipande vyeupe au vya waridi vyenye nyuso bapa, ambavyo ni feldispari, na kurasa nyembamba nyeusi au za rangi ya fedha zilizolaliana kama kurasa za msahafu, ambazo ni ulanga. Ukubwa wa chembe hizo unaeleza historia ya jiwe, kwani lilipoa polepole chini ya ardhi, na kila madini yakapata muda wa kukua. Ukilinganisha na jiwe jeusi la volkano kutoka kandokando ya Kilimanjaro, utaona sehemu kubwa yake ina chembe ndogo zisizobainika, kwa sababu lilipoa haraka lilipofika juu ya ardhi.

Kwa wakazi wa pwani na visiwani, kipande cha jiwe la matumbawe kilichobaki kwenye ujenzi ni darasa kamili. Uso wake mbele ya lenzi umejaa vishimo vidogo vyenye kuta zilizopangwa kama miale ya nyota, na baadhi yake havizidi milimita moja na nusu. Kila kishimo kilikuwa nyumba ya mnyama mdogo wa baharini. Tone la siki likidondoshwa juu yake, mtoto ataona mapovu yakichomoka, kwani mawe hayo ni ya chokaa, na chokaa hutoa gesi ikikutana na asidi. Kwa mawe ya namna hii ndipo wazee wetu walipojenga misikiti ya mwambao, kutoka Kilwa Kisiwani hadi Lamu. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia, yamechongwa katika jiwe la matumbawe. Mchongaji wa maandishi yale alifanya kazi juu ya maelfu ya vinyumba hivyo, na waumini wa karne tisa wamesali mbele yake.

Yapo pia mawe yaliyofungia maji. Ndani ya baadhi ya fuwele za kwatsi mna vitundu vidogo vyenye majimaji yaliyonaswa wakati fuwele ilipokuwa ikikua, na mara nyingine ndani ya majimaji hayo mna povu moja linalotembea jiwe likigeuzwa. Vingi vya vitundu hivyo huhitaji hadubini yenye nguvu zaidi, lakini vikubwa vyake huweza kuonekana kwa chombo cha nyumbani. Mwaka 1858 Sorby alieleza namna povu hilo linavyoweza kumjulisha mtu joto lililokuwapo fuwele ilipoumbika: maji yalijaa kitundu wakati wa joto, yakasinyaa yalipopoa, yakaacha nafasi ya povu. Tunakumbuka hapa Surat Al-Baqara, aya ya 74, inayotaja mawe yanayobubujika mito, mengine yanayopasuka yakatoa maji, na mengine yanayoporomoka kwa khofu ya Mwenyezi Mungu. Aya hiyo inakemea nyoyo zilizokuwa ngumu kuliko mawe, na hatudai kwamba inazungumzia fuwele. Lakini anayeona tone lililohifadhiwa ndani ya jiwe kwa mamilioni ya miaka, kisha moyo wake usitikisike, ana haja ya kuisoma aya hiyo tena.

Mkono ulioingia ndani ya chungu ya chakula

Tumefika sasa kwenye lililotusukuma kuandika makala haya. Imepokewa katika Sahih Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A) kwamba Bwana Mtume (S.A.W) alipita sokoni penye chungu ya chakula, akaingiza mkono wake ndani yake, vidole vyake vikakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenye chakula, yule mtu akajibu kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W) akamhoji kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, na akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika yeye.

Tuzingatie mafunzo ya kisa hiki. Mtume (S.A.W) hakutosheka na sura ya juu. Aliingiza mkono pale ambapo jicho halikufika. Wala hakumlaumu mtu yule kwa mvua, kwani mvua si kosa lake. Alimlaumu kwa kuuficha umajimaji chini.

Hadubini katika soko la vito inafanya kazi ya mkono ule. Ardhi yetu imeneemeshwa vito vingi. Tanzanaiti, iliyogunduliwa Merelani mwaka 1967, haijapatikana kwa kuchimbwa mahali pengine popote duniani. Ganeti ya kijani iitwayo tsavoraiti inachimbwa Tanzania na Kenya, ikiwamo Taita Taveta. Longido hutoa jiwe la kijani lenye mabaka mekundu ya yakuti. Penye neema hiyo pameingia pia kioo cha rangi kinachouzwa kwa jina la kito. Lenzi humfichua mara nyingi: kioo huwa na mapovu ya duara na michirizi iliyojikunja kama asali iliyokorogwa, ilhali kito cha asili kwa kawaida huwa na fuwele ndogo, sindano, au nyufa zilizopona zisizo na mpangilio. Yakuti ya kutengenezwa kwa moto, kwa njia aliyoitangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902, huweza kutambulika kwa mistari iliyopinda, ambapo mistari ya ukuaji wa yakuti ya ardhini ni ya kunyooka. Zipo pia yakuti zenye nyufa nyingi zilizojazwa kioo chenye madini ya risasi ili zionekane safi. Zikigeuzwa chini ya hadubini, nyufa hizo humetameta rangi ya bluu, na ndani yake huonekana mapovu yaliyolala bapa.

Kuuza kioo si haramu, wala kuuza yakuti ya kutengenezwa si haramu. Kilichoharamishwa ni kukiita kitu kwa jina lisilo lake.

Lakini ipo mipaka ambayo lenzi haivuki, na hapa ndipo imani hupimwa. Sehemu kubwa ya tanzanaiti ya bluu iliyoko sokoni ilitoka ardhini ikiwa ya kahawia, ikapata rangi yake kwa kuchomwa kwa joto la nyuzi mia kadhaa. Kuichoma ni desturi inayojulikana katika biashara, na kwa kawaida hadubini haiwezi kubainisha iliyochomwa na isiyochomwa. Basi atakayeuza jiwe kwa bei ya juu akidai kuwa halikuguswa na moto, mnunuzi hana chombo cha nyumbani cha kumsadikisha wala cha kumkadhibisha. Anabaki na ulimi wa muuzaji na Mola anayeyajua yaliyomo ndani ya jabali. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Hakim bin Hizam (R.A) mafundisho ya Mtume (S.A.W) kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa.

Tunawanasihi wanaonunua kito cha thamani wasitegemee hadubini ya nyumbani peke yake. Waende katika masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa Tanzania mwaka 2019, au kwa mtaalamu mwenye vipimo vya uzito na vya kupinda kwa mwanga. Na wanaouza wakumbuke kuwa biashara ya madini inahitaji leseni, na kuheshimu masharti ya nchi ni katika kutimiza ahadi.

Picha nayo ni ushahidi

Siku hizi mawe mengi huuzwa kwa picha kabla mnunuzi hajayashika. Hivyo picha imekuwa ushahidi, na mpigaji amekuwa shahidi. Kuongeza rangi kwa kompyuta hadi bluu hafifu ikawa bluu ya bahari ni kughushi. Kuliloweka jiwe maji ili nyufa zisionekane, kisha kulipiga picha bila ya kusema, ni kughushi. Kuondoa rula ili punje ionekane kama embe ni kughushi. Hata kuchagua taa kuna mambo: tanzanaiti mchana huelekea kwenye bluu, na chini ya balbu ya zamani ya waya huelekea kwenye zambarau. Muadilifu atapiga picha zote mbili, na aandike ipi ni ipi.

Lipo na jambo jingine linalotuhuzunisha. Huenezwa kwenye simu picha za mawe yanayodaiwa kuwa na jina la Mwenyezi Mungu lililoandikika ndani yake, na watu huzisambaza kwa machozi bila ya kuuliza ni nani aliyepiga, wapi, na kama picha haikuchezewa. Surat Al-Isra, aya ya 36, inatukataza kuyafuata tusiyo na ujuzi nayo, na inatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Uislamu haukusimama juu ya picha zilizotengenezwa. Kijana aliyejengwa imani yake kwa picha ya uongo, siku atakapougundua uongo huo huenda akautilia shaka na ukweli. Jiwe la kawaida, lisilo na maandishi yoyote, lina ishara za kumtosha mwenye kuzingatia.

Vilevile tusivuke mpaka kwa kudai kuwa mawe huponya, huleta riziki au hukinga hasadi. Mtume (S.A.W) alivaa pete ya fedha yenye kito cha Kihabeshi, kama ilivyo katika Sahih Muslim, na kito ni pambo. Sayyidna Umar (R.A) alilihutubia Jiwe Jeusi lenyewe akibainisha kuwa ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba analibusu kwa kumfuata Mtume (S.A.W) tu. Ikiwa hilo ndilo neno juu ya Jiwe la Al-Kaaba, tutasemaje juu ya jiwe la mfukoni?

Wito kwa wazazi na walimu

Tunapendekeza kwa wazazi, walimu wa madrasa na kamati za misikiti kwamba chombo hiki kitafutwe, walau kimoja kwa vijana wa mtaa. Lisaa limoja kwa wiki linatosha. Mtoto mmoja aoshe mawe, wa pili apange taa, wa tatu apige picha, wa nne aandike daftari. Kabla ya kuanza isomwe aya ya 16 ya Surat Luqman na kufafanuliwa. Kisha kila mtoto atakiwe kusema alichokiona bila ya kuongeza wala kupunguza. Asipojua jina la madini, afundishwe kusema kuwa hajui. Neno hilo walilitamka maimamu wakubwa bila ya kuona haya.

Mtoto aliyezoea kuweka rula kando ya jiwe, kuacha rangi kama ilivyo na kuandika daftarini kuwa picha imerekebishwa, atakapokua akawa fundi, dalali, daktari au mwandishi, atakuwa amekwisha kujifunza kushuhudia kwa uadilifu. Na anayejua kwamba lenzi ya bei nafuu inafika ndani ya jiwe, hatapata tabu kuamini kuwa Aliyeliumba jiwe hilo anaiona nia iliyofichwa moyoni.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuzingatia, ndimi zenye kubainisha, na biashara zenye baraka, na awafanye watoto wetu kuwa katika wenye elimu wanaomcha. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.